Msikiti Ubavuni mwa Kilima: Niliyojifunza Nyamirambo, Kigali

Wengi wetu tukisikia neno "msikiti" huona mbele ya macho kuba na mnara. Tukiombwa mchango wa ujenzi, la kwanza tuulizalo ni urefu wa mnara na rangi ya kuba. Ni mara chache tunauliza maji ya udhu yatatoka wapi na yatakwenda wapi, akina mama wataingilia mlango upi, sauti itamfikia jirani ikiwa na nguvu gani, na jirani huyo, awe wa dini yetu au asiwe, atafaidika na nini siku jengo litakapofunguliwa. Kwa watu wanaojenga katika mji ambamo wao ni wachache, hayo ndiyo maswali makubwa, na kuba ni la mwisho.

Safari ya kikazi ilinifikisha Kigali, mji mkuu wa Rwanda, na siku za mapumziko nilizitumia kuutembelea mtaa wa Nyamirambo, ambao wenyeji huuita mtaa wa Waislamu. Sikwenda kutazama uzuri wa majengo tu. Nilitaka kuona jinsi jamii ndogo inavyojijengea nyumba ya ibada na mambo yake yote, shule, maji, mahali pa kukutania, bila kujitenga na wengine. Kwa sensa ya mwaka 2022 Rwanda ilikuwa na watu zaidi ya milioni 13, na Waislamu walikuwa yapata asilimia 2 tu. Hali yao basi inakaribia sana ile ya ndugu zetu waliohamia Ulaya na Marekani, ambao nao hujenga misikiti katikati ya watu wa imani nyingine.

NJIA YA KUFIKIA

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, kisha huendelea hadi daraja la Rusumo juu ya mto Kagera. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilifunguliwa rasmi mwaka 2016. Hapo mambo mawili hubadilika: gari lililokuwa likishika kushoto hushika kulia, na saa hurudi nyuma kwa saa moja. Inapokuwa saa 1 asubuhi Dar es Salaam, Kigali ni saa 12. Jua ni lile lile, ila mwenye kuswali hana budi kuirekebisha saa yake asije akaukuta msikiti haujafunguliwa bado.

Kutoka Rusumo nchi huinuka. Kigali umekaa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na barabara zake huzunguka kama nyoka aliyejikunja. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu mwaka 2008, na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wananchi hutoka kufanya kazi za umma ziitwazo umuganda. Usafi huo mgeni huuona kabla hajaambiwa.

Nyamirambo u upande wa kusini-magharibi, chini ya Mlima Kigali. Dereva wa pikipiki hukupa kofia ngumu nawe ukaivaa bila kubishana, maana hiyo ndiyo sheria. Ukiteremka mtaani utasikia kitu ambacho hukutarajia mbali hivyo na pwani: Kiswahili. Ni Kiswahili cha mtaani kilichochanganyika na Kinyarwanda, lakini kinasalimia, kinakaribisha mgeni na kinauza mishikaki.

MTAA WA WASWAHILI

Kiswahili hicho kina historia yake, nayo inaanza na wanajeshi. Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt alipoweka makao yake Kigali, alikuja na askari, wapagazi na makarani waliotoka sehemu za pwani na bara la Tanganyika. Wafanyabiashara wa Kiswahili, Kiarabu na Kihindi wakawafuata. Wengi wao walikuwa Waislamu. Msikiti wa kwanza wa nchi, ujulikanao kwa jina la Al-Fatah, ulijengwa mwaka 1913. Nyumba ya Kandt mwenyewe leo ni makumbusho, na msafiri anaweza kuyatazama yote mawili kwa siku moja.

Wabelgiji waliposhika nchi tangu mwaka 1916, mambo yalikuwa magumu. Katika miaka ya 1920 Waswahili walitengewa makazi yao huku Nyamirambo na Biryogo, yakaitwa Kambi ya Waswahili. Kutoka na kuingia kulihitaji ruhusa ya serikali. Shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na mtoto wa Kiislamu hakuwa na nafasi humo ila kwa tabu. Matokeo yake ni kwamba wengi walijifunza udereva, ufundi na uchuuzi, kazi ambazo hazikuwadai cheti. Hata neno "Mswahili" likawa na maana mbili: Mwislamu, na mtu mjanja asiyeaminika.

Ndugu msomaji, liweke jambo hili moyoni, kwani ndilo linaloeleza kwa nini kituo cha Kiislamu katika mji kama huu hakiwezi kuwa ukumbi wa kuswalia peke yake. Watu walionyimwa shule watataka shule. Watu walioishi kwa kibali watataka anwani ya kudumu na chombo cha kuwasemea. Ndiyo maana mwaka 1964, miaka 2 tu baada ya uhuru, kiliundwa Chama cha Waislamu wa Rwanda, ambacho leo kinajulikana kama Jumuiya ya Waislamu wa Rwanda, chini ya Mufti. Na ndiyo maana furaha ilikuwa kubwa mwaka 2017 Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha rasmi ya nchi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lugha iliyokuwa alama ya kutengwa ikapata kiti barazani.

KITUO KILICHOJENGWA NA MGENI

Jengo linalojulikana kuliko yote mtaani ni Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu. Kilijengwa kwa fedha za Libya katika zama za Muammar Gaddafi, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikitafuta marafiki kote Afrika, na mwaka 1985 Gaddafi mwenyewe alizuru Rwanda. Humo mna msikiti na shule, na kwa Waislamu wa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa: wanao wangeweza kusoma hesabu na sayansi, na dini yao pia, chini ya paa moja.

Hekima ya ramani ya namna hiyo ni kwamba msikiti hautumiki kwa kipimo kimoja siku zote. Siku ya Ijumaa hufurika. Jumanne saa 4 asubuhi huwa kimya. Lakini shule ina watu Jumanne. Ukiviweka pamoja, ua ule ule unaotandikwa mikeka Ijumaa huwa uwanja wa watoto kuchezea siku nyingine, na mlinzi mmoja, kisima kimoja na lango moja hutumika kwa yote.

Lakini kuna funzo la pili. Utawala wa Gaddafi ulianguka mwaka 2011. Aliyelipa amekwenda, jengo limebaki. Paa linavuja bila kujali nani alilipia mabati yake. Ndiyo sababu wajuzi wa ujenzi hushauri kwamba mfadhili akikupa nyumba, umwombe akupe na njia ya kuitunza: vyumba vya duka vya kupangisha barabarani, au ardhi ya wakfu yenye mapato. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Jengo ambalo wenyeji wake hawawezi kulilipia umeme na maji litakuwa mzigo kwao hata kama walipewa bure.

KIBLA, SAFU NA MAJI

Sasa tuingie katika kazi yenyewe ya kupanga. Mambo ya ufundi huonekana mazito, lakini mtu yeyote mwenye rula na daftari anaweza kuyafuata.

Jambo la kwanza ni kibla. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko kaskazini karibu kabisa, kwani miji hiyo miwili karibu imo katika mstari mmoja wa longitudo. Kutoka Nairobi kibla hugeuka mashariki ya kaskazini kwa digrii kama 7. Kutoka Kigali, ambao uko magharibi zaidi, hugeuka kwa digrii kama 22. Maana yake ni kwamba fundi aliyejenga Dar es Salaam hawezi kuichukua ramani yake akaipanda Kigali jinsi ilivyo. Na barabara za Kigali hazikupimwa kwa ajili ya kibla, zinafuata kilima. Mara nyingi kiwanja hutazama upande mmoja na Makka iko upande mwingine.

Tatizo hilo limewakuta wengi duniani. Kituo cha Kiislamu cha Washington, kilichofunguliwa mwaka 1957 mbele ya Rais Eisenhower, kilijengwa hivi: nguzo na matao ya mbele yanafuata mstari wa barabara kuu, lakini msikiti wenyewe nyuma yake umegeuzwa kukabili kibla. Mpita njia huona jengo lililojipanga sawa na majirani zake, na mwenye kuswali hujikuta ameelekea panapostahili. Pembe iliyobaki katikati ikawa ua. Hiyo ni adabu ya ujenzi: kumheshimu Mola ndani, na kuuheshimu mtaa nje.

Jambo la pili ni safu. Mtu mmoja katika swala huhitaji upana wa kama sentimita 60, na kutoka safu moja hadi nyingine kama mita 1 na robo, ili aweze kusujudu. Hiyo ni robo tatu ya mita ya mraba kwa kila mtu. Waumini 400 basi wanahitaji mita za mraba 300. Ukijenga ukumbi wenye upana wa mita 15 na kina cha mita 20, utapata watu 25 katika kila safu, na safu 16. Ukiugeuza, upana uwe mita 20 na kina mita 15, utapata watu 33 katika kila safu, na safu 12. Idadi ni karibu ile ile, lakini katika mpango wa pili watu wengi zaidi wako karibu na imamu, na safu ya kwanza, ambayo kila mtu anaitamani, imerefuka. Mpango wa pili ndio bora, kama kiwanja kinaruhusu. Sehemu ya akina mama isiwe kibanda kilichoongezwa nyuma baada ya fedha kwisha. Ichorwe siku ya kwanza, iwe na mlango wake, udhu wake, na mahali pa kumlaza mtoto mchanga.

La tatu ni maji, na hapa Kigali una bahati kuliko miji mingi. Mvua zake hunyesha katika misimu miwili, kuanzia Septemba hadi Desemba na kuanzia Machi hadi Mei, na kwa mwaka hufika kiasi cha milimita 1,000. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 300 likipata mvua ya milimita 20 alasiri moja, hukusanya lita 6,000. Tukadirie kwamba mtu anatawadha kwa lita 4: waumini 400 watatumia lita 1,600. Mvua moja nzuri, ikihifadhiwa tangini, inatosha karibu Ijumaa nne. Nyumba zetu za kawaida zingeweza kufanya vivyo hivyo. Tangi na mfereji wa bati si mali ya misikiti tu.

Lakini maji yaliyotumika hayana budi kupata njia. Katika mji wa vilima, maji unayoyamwaga wewe ndiyo yanayobomoa ukuta wa jirani aliye chini yako. Mfereji uliojengwa vizuri na shimo la kunywea maji ni sehemu ya ujirani mwema kama yalivyo maamkizi. Kadhalika ukuta wa kuzuia udongo: kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa kilima bila ukuta imara kinangoja tu masika makubwa.

SAUTI

Katika yote niliyoyasikia mtaani, hakuna lililozungumzwa kwa uzito kama suala la sauti.

Mapema mwaka 2018 serikali ya Rwanda ilifunga makanisa zaidi ya 700 mjini Kigali, na msikiti mmoja, kwa sababu ya majengo duni na kelele. Mwezi Machi mwaka huo huo, misikiti ya wilaya ya Nyarugenge, ambamo Nyamirambo imo, iliagizwa iache kutumia vipaza sauti kwa adhana. Upande wa Waislamu kulikuwa na waliosema kwamba ingetosha kupunguza sauti badala ya kuizima. Baadaye mwaka huo ikatungwa sheria mpya ya mashirika ya dini iliyodai majengo yanayostahili na viongozi wenye elimu ya dini iliyothibitishwa. Mwaka 2024 ukafanyika ukaguzi mwingine nchi nzima, na nyumba za ibada zaidi ya 8,000, aghalabu makanisa madogo, zikafungwa kwa kukosa vyoo, usalama au kuta za kuzuia kelele.

Mtu anaweza kuliona jambo hili kwa macho mawili. Mfanyakazi wa zamu ya usiku, askari aliyerudi lindoni saa 10 alfajiri, mgonjwa na mtoto mchanga wote wanahitaji usingizi. Tena si kelele tu zilizoleta masharti. Tarehe 10 Machi 2018 radi ilipiga kanisa moja katika wilaya ya Nyaruguru, kusini mwa nchi, watu 16 wakafa. Baada ya hapo, nani atasema kikinga radi ni anasa? Kwa upande wa pili, jamii ya watu maskini iliyochangishana miaka mingi hadi ikaezeka chumba kimoja huumia ikiambiwa chumba hicho hakifai. Kanuni inayomlinda muumini isije ikamwacha bila mahali pa kuswali. Njia ya haki, naona, ni kutoa muda na kutoa wataalamu, ili mwenye kuambiwa "bomoa" aambiwe na jinsi ya kujenga.

Wala Rwanda si peke yake. Uswisi ilipiga kura mwaka 2009 ikakataza minara mipya. Mjini Cologne, Ujerumani, msikiti mkuu uliofunguliwa rasmi mwaka 2018 ulichorwa na Paul Böhm, mtu wa ukoo maarufu wa wajenzi wa makanisa. Na mwaka 2021 mji huo uliruhusu misikiti iombe kibali cha kuadhini Ijumaa kwa muda usiozidi dakika 5. Mjini Minneapolis, Marekani, ambako ndugu zetu Wasomali ni wengi, baraza la mji liliruhusu mwaka 2023 adhana za nyakati zote tano. Miji mitatu, majibu matatu. Linaloonekana ni kwamba sauti hukubaliwa pale watu walipozoeana kwanza.

Mchora ramani naye ana mchango wake. Kuba lililo tupu hukusanya sauti mahali pamoja na kuleta mwangwi, hata maneno ya khutba yasisikike vema. Ndipo watu huongeza nguvu ya kipaza sauti, na kelele hutoka nje. Dawa si nguvu zaidi. Dawa ni zulia zito, ukuta wa tofali wenye unene, madirisha yasiyotazamana na vyumba vya kulala vya jirani, na vipaza sauti vidogo vingi vyenye sauti ya chini ndani ya ukumbi badala ya kimoja kikubwa mnarani.

UKUTA NA LANGO

Nimelibakiza mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Mwezi Aprili mwaka 1994 yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika siku zile, nyumba nyingi za ibada Rwanda, ambamo watu walikimbilia wakidhani hakuna atakayethubutu, ziligeuka kuwa machinjio. Wanaochunguza historia hiyo wameandika kwamba Waislamu kwa jumla, kama jamii, walijiepusha na mauaji kuliko wengi, na kwamba katika mitaa kama Biryogo watu waliwaficha jirani zao majumbani na misikitini. Wapo Waislamu walioshiriki uovu, na wapo wengi waliouawa; haifai kusema uongo kwa ajili ya sifa. Lakini sura ya jumla ndiyo hiyo, hata mwaka 2011 ikatengenezwa filamu iitwayo Kinyarwanda kuhusu waliojificha katika msikiti wa Kigali.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Sababu ni nyingi, lakini moja inahusu habari yetu. Mtaa huu ulikuwa umechanganyika. Wahutu, Watutsi, na watu wa asili ya Tanzania, Kongo na kwingineko walisimama safu moja, bega kwa bega, wakala sikukuu pamoja, wakaozana. Kambi iliyoanzishwa ili kuwatenga watu ikawa mahali ambapo haikuwa rahisi kuwatenganisha. Ukuta wa msikiti haukuwaokoa watu. Kuta hazijui kuficha. Waliookoa ni wale waliokuwa na mazoea ya kufungua lango.

Kwa hiyo anayechora kituo cha Kiislamu, iwe Kigali, London au Toronto, na ajiulize lango litatazama wapi. Mjini Cambridge, Uingereza, msikiti uliofunguliwa mwaka 2019 ulitanguliza bustani mbele, ili mpita njia asiye Mwislamu apumzike kabla ya kuufikia mlango, na ndani yake mna mgahawa ulio wazi kwa wote. Magari yaliwekwa chini ya ardhi yasiwasumbue jirani. Mjini Paris, msikiti mkuu uliozinduliwa mwaka 1926 ulijengwa kuwakumbuka askari Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa, nao una mgahawa wa chai ambao Wafaransa wa kila dini huutembelea. Nyamirambo hawakungoja wachoraji wa Ulaya kuwafundisha hayo. Mwaka 2021 baadhi ya njia za Biryogo zilifungiwa magari, zikapakwa rangi za kila aina, na meza zikatolewa nje. Jioni, baada ya magharibi, utawakuta wenye kofia na wasio na kofia wamekaa pamoja wakinywa chai ya mnanaa. Hatua chache tu juu na chini ya barabara ipo misikiti, na lipo kanisa Katoliki la Mtakatifu Andrea na shule yake. Hapo hapo Nyamirambo kipo kituo cha akina mama kilichoanzishwa mwaka 2007 na wanawake 18, ambao huwatembeza wageni mtaani na kuwafundisha mapishi. Na siku ya Idi, misikiti ikishindwa kuwabeba watu wote, swala husaliwa katika uwanja wa mpira wa Nyamirambo, ambao tangu mwaka 2023 unaitwa kwa jina la Pelé. Idi ni sikukuu ya taifa, na nchi nzima hupumzika.

Mzee mmoja aliyenikaribisha chai alinionyesha kwa kidole vilima vya ng'ambo vilivyojaa taa. "Mwanangu," akasema, "hapa kila mtu anamwona mwenzake. Huwezi kujenga nyumba kilimani ukajificha."

KWA WAJENZI WA KWETU

Wasomaji wengi wa ukurasa huu huishi kambini na katika mitaa ya serikali, na huko pia watu wa dini mbalimbali hushiriki ardhi moja, bomba moja na usingizi mmoja. Kamati ya msikiti au ya kanisa inapokutana, yafaa kwanza ipime kibla au kiwanja kwa makini, kisha ihesabu watu, si mwaka huu tu bali miaka 20 ijayo. Ipange maji yanayoingia na yanayotoka. Iweke kikinga radi, milango miwili ya kutokea kwa dharura, na njia isiyo na ngazi kwa mzee na mlemavu. Ijue mapato ya kulitunza jengo yatatoka wapi mfadhili akishaondoka. Mwisho, kabla ya jiwe la msingi, iwatembelee majirani wa pande zote nne, iwaonyeshe ramani, iwasikilize. Anayeonyeshwa ramani mapema huja na ushauri. Anayeshtukizwa na jengo huja na mashtaka.

Ukijaliwa kufika Kigali, ndugu msomaji, usiishie katikati ya mji penye maghorofa ya vioo. Panda hadi Nyamirambo mchana wa Ijumaa, tazama wanaume wakitoka madukani na akina mama wakiteremka kilima na mitandio yao, kisha ubaki hadi jioni unywe chai Biryogo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kinachoelea pale, katika mtaa uliowahi kuwa kambi ya vibali, ni ujirani uliojengwa kwa zaidi ya miaka 100. Mnara unaweza kuukamilisha kwa mwaka mmoja, lakini hilo halina njia ya mkato.